Vidonge vya Dada na Goli Langu

Jumatatu, 3 Juni
Jumamosi kocha anachagua golikipa. Ni mimi au Mlingoti. Mlingoti mrefu, ila akili zimekomea magotini. Leo dada, mjamzito, karudi kutoka kliniki na chupa ya vidonge vya kuongeza damu. Nikamuuliza vya nini, si tunakula chungu kimoja, mboga, maharage, mayai kila siku? Akasema nesi kausifu mlo wetu, ila damu yake sasa inalisha wawili na sahani peke yake haitoshi.

Lo! Kumbe zipo nguvu zisizokaa kwenye sahani! Na mimi nahudumia wawili: mimi na timu.

Jumanne, 4 Juni
Nimechomoa vichache kwenye chupa ya dada. Nimemeza viwili. Nimejitazama kiooni: shingo imejaa. Mlingoti kwisha habari yake!

Alhamisi, 6 Juni
Choo hakuna. Tumbo gumu kama ubao. Bibi kauliza kama nimemeza saruji. Nikamjibu hiyo ni misuli, inaanzia ndani.

Ijumaa, 7 Juni
Choo kimepatikana. Cheusi kama lami! Nakufa! Nikaita ukoo mzima, nikaaga, nikamsamehe hata Mlingoti. Dada akakimbilia chupa yake, akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema hongera, mama kijacho, vidonge hivyo ndivyo vinavyofanya. Kisha akanuna: nimempunja mwanawe. Akanikokota hadi kliniki. Nesi akaniambia kijana mzima anayeshiba vizuri havimhusu, na cha mwenzio hakimezwi bila kupimwa. Dada akajaziwa chupa. Mtoto tumboni naye akapimwa: moyo unadunda kama ngoma! Nikageukia dirishani. Vumbi liliniingia machoni.

Jumamosi, 8 Juni
Mlingoti golini. Mimi benchi, tumbo likinguruma. Timu nzima inaniita Mama Kijacho! Nani kawaambia? Dada, nani mwingine. Lakini alikuja kuniletea ndizi, akakaa nami benchi, akasema mtoto anapiga mateke, huenda ni mshambuliaji. Nikamwambia mashuti yake nitayazuia mwenyewe. Hapana, nitadaka kwenye timu yake. Vyovyote, tutashinda.

Kocha kasema mwezi ujao anachagua tena.

Jioni bibi kaonyesha vidonge vyake vipya vya mifupa. Anakula vizuri, kaambiwa, ila mwili wa uzeeni hauvuni kila kitu kwenye chakula. Mifupa! Golikipa ni nini kama si mifupa? Na bibi hakagui chupa kama dada.

Mlingoti, jiandae!