Siku Mshenga Alipolitazama Tumbo Langu

Mtu akikaa kitako mno, kwa nini mgongo ndio unaopinda? Siku hiyo sikuwa na jibu. Niliumbuka vibaya.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu Kampala, kwa basi kisha lori, magoti yakigusa kidevu juu ya sanduku la vitabu. Kufika nyumbani Nyamache, nakuta esigani amefika. Huyu ni mshenga anayetumwa kuchunguza kama msichana ana kilema, ukoo mbaya au mdomo mrefu. (Mdomo haukufichika.) Upuuzi mtupu! Ng'ombe wa mnadani hukaguliwa kwa adabu zaidi. Lakini Ondari aliyemtuma, mwalimu wa Nyacheki, nilimtaka kweli.

"Kerubo, kamchotee mgeni maji mtoni," Nyanya akasema.

"Ondari naye anamchotea nani maji leo?"

Nikaketi tena, na dharau yangu.

Nilipoitwa, niliinama kumwamkia mshenga. Nikabaki hapo hapo. Nyonga zimekaza kama bawaba zenye kutu!

"Ona heshima!" mama yule mshenga akasema. "Na watu husema wasomi wana kiburi."

Nyanya akatabasamu hadi magego yakaonekana.

"Basi, mwanangu, inuka," mshenga akaniambia.

(Ningependa sana.)

"Kerubo, inuka!" Nyanya akanong'ona.

Nikajilazimisha. Kifua kilipanda, nyonga zikakataa. Mgongo ukabonyea kama upinde, makalio yakabaki nyuma, tumbo likatangulia mbele. Mshenga akaacha kutafuna ndizi. Akalitazama tumbo. Akamtazama Nyanya.

"Kumbe huko chuoni hufundishwa mengi."

"Ni basi!" nikajitetea.

"Basi, au dereva?"

"Sina mimba!" nikapiga kelele.

Mlangoni amesimama Baba. Kwetu binti hatamki neno hilo mbele ya babake, hata nyumba ikiungua. Baba akageuka, akaenda kukagua migomba ambayo haikuwa na shida yoyote.

Mshenga naye akaondoka, ndizi mkononi. Kabla ya wimbi kuvunwa shambani, Ondari alikuwa ameoa msichana wa Kiogoro. (Nasikia alinyooka kama mlingoti. Hongera zake.)

Miaka mingi baadaye daktari mmoja alinieleza. Kuna msuli ulioshikana na uti wa mgongo kiunoni, unapita mbele ya nyonga hadi kwenye paja. Ukikaa mno, hukaza. Ukisimama, huuvuta mgongo mbele, na tumbo hufuata.

"Na dawa yake?" nikauliza.

"Kutembea kidogo tu. Kama kwenda mtoni na kurudi."