Habari za Kifungu cha Nne

Kuanzia Jumatatu saa mbili asubuhi, jimbo lilitangaza, maumivu hayatakuwa tena siri ya mtu na mwili wake. Kila kidonge kikali, kiwe cha kutuliza maumivu au cha kutibu uraibu, kitapitia Ofisi ya Uhakiki. Dirisha la wanaosema Kiswahili, pale mjini Richardson, alikabidhiwa Bwana Modestus, na tangu siku hiyo akaacha kutembea, akawa anawasili.

Alikipenda Kifungu cha Nne cha sheria hiyo kuliko chakula: jibu la kwanza la mgonjwa ndilo ushahidi, mengine yote ni porojo.

Mteja wake wa kwanza alikuwa Annonciata, mfungaji maboksi kutoka mji jirani wa Garland. Alipopasuliwa bega alipewa vidonge vya maumivu, vidonge vikamteka. Dawa ya kutibu uraibu ndiyo iliyomtoa huko, na huu ulikuwa mwezi wa nane hajarudi nyuma. Alihitaji sahihi tu aendelee kuipata.

"Habari yako, mama?"

"Muzuri tu, papa. Mungu anasaidia."

Modestus akaandika: mgonjwa ni mzima, kwa kinywa chake mwenyewe. Akagonga muhuri: dawa haihitajiki.

"Lakini papa, ile ni salamu! Nikikosa dawa nitarudilia vile vidonge, nitakufa!"

"Rufaa ni baada ya wiki mbili, mama. Karibu tena."

Hata haya hakuona. Katika wiki hizo mbili aliponya watu tisini na sita kwa mtindo huo, na makao makuu yakampongeza kwa barua. Siku ya kumi na nne aliinama kunyanyua boksi la majalada ya hao waliopona, mgongo ukalia ka! Daktari akamwandikia vidonge vikali, navyo vikataka uhakiki. Kwa kuwa mtu hawezi kujihakiki, alasiri alikokotwa hadi dirishani kwa msaidizi wake Yasinta, ambaye yeye mwenyewe Modestus alikuwa amemfundisha kazi vizuri mno.

"Shikamoo, mkurugenzi. Habari za tangu asubuhi?"

Foleni nzima ilikuwa inamtazama. Mtu wa cheo chake angejibu nini?

"Marahaba. Njema tu, Yasinta."

Muhuri ukagongwa.

"Yasinta! Mimi ni bosi wako!"

"Kifungu cha Nne, mkurugenzi. Anayefuata!"

Aliyefuata alikuwa Annonciata, amebakiza kidonge kimoja mkobani.

"Habari, mama?"

"Mubaya!" Foleni ikaguna kwa aibu. "Mubaya sana, tangu asubuhi mpaka sasa!"

Akapata sahihi. Alipokuwa akitoka alimwinamia Modestus, aliyejikunja kitini.

"Pole, papa. Unaendelea namna gani?"

"Naendelea vizuri, mama," akajibu Modestus, jasho likimtiririka.

Yasinta akachukua kalamu, akaandika na hilo.