Mtunzaji wa Kompaila Mbichi

Jumatatu, 3 Machi

Nimewekewa bendera! Asubuhi hii, chai haijapoa. Kifurushi changu kimepigwa alama nyekundu: kimepitwa na wakati. Aliyeiweka ni Darubini. Nani mwingine! Mtu ambaye sijawahi kumwona sura. Namjua kwa jina lake la mtandaoni na kwa ubaya wake.

Niandike yote hapa, ili siku moja haki ijulikane. Kompaila ni programu inayogeuza maandishi ya mwandishi wa programu yawe kitu ambacho mashine inaweza kukitenda. Wanaoitengeneza hutoa toleo lililoiva mara mbili kwa mwaka. Lakini kuna watu hawana subira. Wanataka ile mbichi, iliyoandikwa jana. Hao ndio watu wangu. Naichukua mbichi, naijenga, naifunga kifurushi, naiweka kwenye hazina ya jamii ya Linux, mfumo wa kompyuta usiouzwa, nao wanaichukua bure. Miaka saba sasa. Watumiaji 212. Kura 61. Na jina langu mstari wa kwanza: Mtunzaji. Ukutani kwangu hakuna cheti hata kimoja; nilijifunzia kwenye kompyuta zilizotupwa na ofisi. Cheo hicho ndicho pekee nilicho nacho, na sikupewa na mjomba.

Darubini hakuishia kwenye bendera. Amepeleka ombi kwa wazee watatu wa hazina: kifurushi kimetelekezwa, apewe yeye. Eti siku kumi na tisa bila toleo jipya. Kumi na nane! Na saa chache. Lazima awe mhadhiri wa chuo kikuu. Wenye shahada hawajui kuhesabu.

Wazee wamenipa hadi Jumapili nijitetee kwa toleo jipya, ndipo waamue. Nimechukua likizo ya wiki kazini, ninakotengeneza printa. Mke wangu aliuliza kati ya hao 212 ni nani aliyekuja kunijulia hali nilipolazwa mwaka jana. Nikamwambia mmoja aliandika. Sikumwambia kwamba aliandika kuuliza kwa nini kifurushi kimechelewa.

Jumanne, 4 Machi

Mashine yangu imeundwa kwa maiti za kompyuta tatu. Kazi nzima inaichukua saa tano na dakika arobaini. Kujenga kompaila ni saa moja na dakika arobaini na tano tu. Zinazobaki, saa tatu na dakika hamsini na tano, ni majaribio: maswali 48,310 ambayo kompaila huulizwa kabla ya kuruhusiwa kutoka nyumbani.

Nilianza saa mbili asubuhi. Saa saba na nusu mchana zimebaki dakika kumi. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kwa siku tatu wiki mbili zilizopita, akachomeka pasi. Swichi kuu ikaruka. Sebule ikawa kimya kama msibani.

Alisema hakujua kama kile kitu kinafanya kazi. Alidhani ni feni mbovu, maana kinanguruma na upepo hakileti. Nikamweleza kwa heshima zote hasara aliyonitia. Akaniambia, mkwe wangu, shati ninalopiga pasi ni lako. Nikatazama. Lilikuwa langu.

Nikaanza upya saa nane. Saa kumi na moja umeme ukakatika mtaa mzima. Hapo hakukuwa na wa kulaumiwa. Nilimtazama mama mkwe hivyo hivyo.

Jumatano, 5 Machi

Nimepiga hesabu, na hesabu haina upendeleo. Majaribio yanakula asilimia 69 ya muda wangu. Tangu nianze nimejenga mara 391, na majaribio yamenasa kosa la kweli mara nne. Asilimia moja! Mtu gani mwenye akili timamu anaajiri mlinzi wa kukesha mwaka mzima kwa ajili ya mwizi anayepita kila baada ya mwaka na miezi tisa?

Nimewaachisha kazi walinzi. Ni rahisi. Kila kifurushi kina karatasi yake ya maelekezo, ambayo mashine huisoma mstari kwa mstari. Unaweka alama ya reli, hii #, mbele ya mstari wa majaribio, mashine inauruka. Pembeni nikaandika: nitarudisha Jumatatu. Nikatia jina na tarehe. Mimi ni mtu wa utaratibu.

Saa moja na dakika arobaini na tano baadaye, kompaila hii hapa! Nikaijaribu kwa programu ya mstari mmoja inayosema hujambo. Ikasema hujambo. Kwenye tangazo nikaandika: kimejaribiwa.

Bendera imeondoka saa tisa alasiri. Nimeimba bafuni.

Wazee husoma pia maoni ya watu, kwa hiyo nikamfungulia mama mkwe akaunti. Akauliza aseme nini. Nikamwambia ukweli tu. Akasema andika kwamba huyu kijana hatoki nyumbani. Nikamwomba aongeze neno kuhusu ubora. Akafikiri sana. Akasema andika pia kwamba hajawahi kumpiga mtu. Nimeyaweka kama yalivyo. Kura 62. Mke wangu amekataa. Anasema kura yake ni ya yeyote atakayelitoa lile dude sebuleni.

Ijumaa, 7 Machi

Jana sikuandika. Jana nilikuwa na furaha.

Katika wale 212 yupo mmoja anayesema asante. Ni muuguzi wa wodi ya watoto, anajifunza kuandika programu peke yake, kama mimi zamani. Hunipa habari za maendeleo yake bila kuulizwa. Mwezi uliopita alimaliza programu ya kupanga zamu za wenzake, na leo asubuhi alikuwa aionyeshe kwa muuguzi mkuu, mbele ya wodi nzima.

Jana jioni alisasisha kompaila yangu ili mambo yawe mapya kabisa. Leo programu yake imempa muuguzi mmoja zamu tisa kwa wiki. Mwingine imempa zamu mbili pungufu ya sifuri. Wodi nzima ilicheka. Muuguzi mkuu aliuliza kama huyo wa pungufu ya sifuri anapaswa kuja kazini kinyumenyume.

Ameniandikia. Kaka, samahani kukusumbua, nimekagua mistari yangu tangu saa tatu, sioni nilipokosea, wewe unaonaje?

Nikayarudisha majaribio kimyakimya na kuyaacha yakimbie mchana kutwa. Maswali 48,310. Yaliyojibiwa vibaya: moja. Moja tu! Kompaila ilikuwa inakosea kutoa ndani ya hesabu zinazojirudia. Hesabu za zamu ni za namna hiyo hasa.

Kuwaonya wote 212 kungechukua dakika tatu. Lakini Jumapili ni keshokutwa, na wazee wanasoma kila kitu. Nikamjibu kwamba huenda mashine yake imechoka. Huo si uongo. Mashine zote zimechoka.

Alinishukuru. Akasema atarudi kwenye karatasi na penseli, pengine kazi hii ina wenyewe, kaka.

Sikula. Mama mkwe kasema nina dalili za homa.

Jumamosi, 8 Machi

Karatasi ya maelekezo iko wazi kwa kila mtu. Hilo nilikuwa nalijua. Nisilolijua ni kwamba kuna mtu huisoma. Miaka saba nimepakua vifurushi vya wengine na sijawahi kusoma karatasi hata moja. Darubini amesoma yangu.

Ameunakili mstari wangu, alama ya reli, jina langu, tarehe na yote, akaubandika chini kabisa ya maoni ya mama mkwe. Akauliza kwa adabu: Jumatatu ipi? Kisha akaweka namba ya swali lililofeli na onyo kwa wote 212. Yeye aliona dakika tatu si nyingi.

Watu kumi na wanne wameandika. Mmoja anasema nimfundishe mama mkwe kutunza vifurushi, angalau yeye hasemi uongo. Muuguzi hajaandika kitu. Saa nane kura zilikuwa 62. Saa nane na dakika mbili zilikuwa 61. Hakuna anayeonyeshwa nani kaondoa. Mimi najua.

Nilianza kumwandikia muuguzi barua ya kuomba radhi. Nilipomaliza niliihesabu, kama kawaida yangu. Maneno 340. Jina la Darubini mara kumi na moja. Neno samahani, hakuna. Nikaifuta. Nikaandika nyingine. Ikatoka ileile.

Jumapili, 9 Machi

Wamempa.

Wazee wameandika mstari mmoja: wananishukuru kwa miaka saba, kifurushi kinahamia kwa mtunzaji mwingine. Nimefungua ukurasa mara nyingi leo, sikuhesabu. Mstari wa kwanza una jina lake. Langu limeshushwa chini, kwenye orodha ya waliowahi.

Darubini kaniletea ujumbe wa faragha. Si mhadhiri. Anatibu mifugo. Anasema alijifunza programu peke yake, akisubiri ng'ombe wazae, na kifurushi cha kwanza alichowahi kupakua kilikuwa changu, kwa hiyo angependa nibaki kama msaidizi wake. Nimekisoma kipande hicho mara tatu nikitafuta tusi. Lazima lipo.

Msaidizi! Wa mtu wa ng'ombe!

Mke wangu aliniletea chai, akakaa karibu yangu, jambo ambalo si la kila siku. Akasema pole, baba. Akauliza kama yule muuguzi nimemwomba radhi. Nikamwambia suala si hilo. Akainuka na kikombe chake, akaenda kuongea na mama yake jikoni, sauti chini. Nilizima mashine. Kwa mara ya kwanza nilisikia saa ya ukutani.

Jumanne, 11 Machi

Likizo imekwisha. Ofisini kulikuwa na printa moja tu mbovu, nikapata nafasi ya kufikiri.

Hazina ina orodha ya vifurushi visivyo na mwenyewe. Yeyote anabonyeza mara moja, vinakuwa vyake, haulizwi shahada wala tabia. Nimeichambua. Kompaila mbichi zilizoachwa ziko kumi na nne. Kumi na nne, hazina baba wala mama!

Nimezichukua zote. Darubini ana jina lake kwenye mistari ya kwanza mara moja. Mimi, kuanzia saa nane mchana wa leo, mara kumi na nne. Msaidizi, kweli!

Kwa wiki, ukifuata utaratibu kamili, ni saa sabini na tisa na dakika ishirini. Haiwezekani, nina kazi na nina familia. Bila majaribio ni saa ishirini na nne na nusu. Siku moja. Hiyo nusu saa iliyozidi nitaitafutia pa kuikata.