Profesa Atangulia Ng'ambo

Profesa, aliyeacha shule kidato cha pili kwa ridhaa ya walimu wote, alikuwa ananyolewa ubishi ulipozuka. Kinyozi alidai hakuna jiji zuri la kutembelea kama hili lao. Shangazi yake Profesa, fundi cherehani wa mlango wa pili, akaangua kicheko.

“Hili? Hapa ukiuliza njia unauziwa! Jiji la kutembelea ni lile la ng'ambo ya mto.”

Profesa, nusu kichwa nywele, nusu kipara, akasikia riziki inabisha hodi.

“Kule,” akasema kwa sauti ya mtu anayekumbuka mbali, “ukidondosha pochi inakufuata hotelini. Trafiki kabla hajakuandikia kosa anakuuliza hali ya watoto. Nina wenyeji wangu. Nawapeleka siku tatu, kula na kulala.”

Ng'ambo yenyewe hajawahi kuikanyaga. Lakini uongo mtamu hauombwi kitambulisho. Mwezi ulipokwisha, watu kumi na mmoja walikuwa wamelipia, shangazi akiwa wa kwanza. Hapo dhamiri ilimwasha kidogo; akaikuna, ikatulia.

Siku ya safari aliwaagiza wakusanyike stesheni ya treni saa mbili asubuhi. Saa moja yeye alikuwa ndani ya basi, mkoba wa nauli zao mapajani, anakimbilia wapi? Ng'ambo! Mwezi mzima alilisifu jiji lile, na aliyemwamini kuliko wote ni yeye mwenyewe.

Aliposhuka, bwana mmoja mwenye tai akamlaki. “Pole na safari, kaka. Natoka ofisi ya wageni. Nikupokee mzigo?”

Machozi yakamlengalenga, akampa mkoba. Bwana akamwingiza kwenye ukumbi wa makochi mapya, akamletea maji baridi, akamwandikia risiti ya mkoba kwa mwandiko wa kupendeza. “Pumzika, naandaa chumba.”

Profesa akapumzika saa nzima. Kisha akaja mama mmoja, futi ya kupimia shingoni.

“Samahani, baba, umeshachagua? Mdogo wako kasema unataka kochi.”

“Kochi la nini? Si ofisi ya wageni hapa?”

“Hapa duka la samani, baba.”

Simu ikaita. Shangazi.

“Wewe mtoto! Tumeganda stesheni kama sanamu. Uko wapi?”

“Nimetangulia, shangazi. Kukagua.”

“Enhe, kukoje?”

Mama wa samani alikuwa ameshamletea chai bila kuombwa, anampa pole. Profesa akashindwa kudanganya. Labda ni uchovu.

“Ulisema kweli, shangazi. Kwetu ningeporwa na kutukanwa juu yake. Huku nimeibiwa naitwa kaka.”

“Umeibiwa nini?”

“Safari yenu.”

Shangazi hakufoka, na hilo ndilo lililomtia baridi.

“Kaa hapo hapo kwenye kochi. Tunachangishana upya, tunakuja wote. Jiji tutalitembea siku tatu, na mizigo yetu kumi na mmoja utaibeba wewe.”

“Shikamoo, shangazi.”

“Hiyo ihifadhi. Tukifika utatuamkia mmoja mmoja.”