Viwimbi vya Shangazi

Jumatatu, 6 Mei
Nimeanza kazi maabarani kwa shangazi. Najaza maji kwenye bomba la kioo, refu kunizidi mara mbili, limesimama wima kama askari wa gwaride. Hewa inaingizwa chini, kiputo kinapanda, kamera inakipiga picha. Shangazi anahesabu viwimbi kwenye ngozi ya kiputo. Mtu mzima na elimu yake! Nikamwambia viputo mimi nilivipuliza tangu darasa la pili. Akasema ndipo akili yangu ilipobaki. Ana mdomo, shangazi!

Jumanne, 7 Mei
Ijumaa mkuu wa chuo anakuja. Asipoona viwimbi, bomba linahamia chumba cha pili, kwa Miwani, fundi anayechunguza mchanga. Miwani mwenyewe kachungulia mlangoni, eti bomba lina ukungu kama dirisha la jikoni. Kumtania shangazi yangu! Nikamkazia macho mpaka akaondoka. (Alikuwa anaondoka hata hivyo.)

Jumatano, 8 Mei
Nimewahi kuliko wote. Nikalisugua bomba ndani kwa sabuni ya vyombo. Nikasuuza mara moja, mimi mtu wa kasi. Linameta!
Mchana: balaa. Kiputo cha kwanza kimepanda laini kama yai. Cha pili vilevile. Hakuna kiwimbi hata cha dawa! Shangazi kabadilisha taa, kabadilisha kamera. Nikamfariji kwamba labda maji yamechoka.

Alhamisi, 9 Mei
Shangazi anapekua daftari zake tangu asubuhi, chai hajaigusa. Anasema huenda miaka mitatu yote alikosea. Roho ikaniuma. Nikakiri, mkono mmoja kwenye kitasa cha mlango. Akaniambia hata tone la sabuni hutanda juu ya kiputo na kuua viwimbi. Nikangoja kofi. Akacheka mpaka akakaa sakafuni! Kisha akanikabidhi mpira wa maji: nisuuze mara thelathini, na yeye atahesabu. Miwani akaja kubeba ndoo bila kuombwa. Bado simpendi. Kidogo tu.

Ijumaa, 10 Mei
Viwimbi vimerudi! Vimejipanga mkiani mwa kiputo kama mikunjo ya shati. Mkuu kaafiki, bomba halitoki. Shangazi akanishika bega, akamwambia huyu ndiye aliyelisafisha. Kweli tupu.
Sabuni sigusi tena, mimi si mjinga. Ila mkuu alikodoa macho sana kuviona. Maji hayana rangi, ndiyo shida. Kabatini kuna chupa ya wino wa buluu, na Jumatatu shangazi atachelewa kufika. Atakavyofurahi!