Pengo la Kona ya Saba

Alhamisi, 20 Julai

Nimefika uwanja wa mbio za magari wa Kettle Hollow saa moja na nusu asubuhi. Ukungu ulikuwa umefika magotini. Lengo la mwaka huu ni moja: kumshinda Norbert Pfaff katika shindano la picha la klabu.

Norbert ni daktari wa meno mstaafu. Ana lenzi ndefu kama bomba la jiko, na kwa miaka tisa mfululizo picha yake ndiyo inayopamba jalada la kitabu cha ratiba cha klabu. Mimi niliwahi kushika nafasi ya kumi na moja. Wakakosea jina langu, wakaandika Verna Stucky.

Mpango ulikuwa kuwahi mahali pazuri kwenye uzio wa Kona ya Saba, pale magari yanaposhuka kilima yakiwa yamelalia upande mmoja. Niliondoka nyumbani bila kunywa kahawa ili nimpite. Nikamkuta ameshatandika turubai, ameshafungua mwavuli, anakula soseji. Akanisalimu kwa upole, na huo upole wake ndio unaoniuma. "Mzee Verlin, umechelewa tena," akasema. "Ila naona kule karibu na vyoo pana nafasi."

Nikatembea kando ya uzio nikijifanya natafuta mtu. Watu walikuwa wamebanana bega kwa bega. Kisha nikaona pengo.

Mita nne hivi za uzio, bila kiti, bila mtu. Nyasi ndefu, hazijakanyagwa. Unaona kilima chote na kona yote, vizuri kuliko Norbert. Familia ya kushoto ilikuwa imepanga viti mpaka ukingoni mwa pengo na kuishia hapo, kama vile pana ukuta. Kulia vivyo hivyo. Nikamuuliza mama mmoja kama mahali pale pana mwenyewe. Akasema hapana. Mbona hawakai, basi? Akatazama viatu vyake. Akasema hajui, hawajawahi kukaa tu.

Wajinga. Nikafungua kiti changu.

Saa nne yakaanza mazoezi ya magari ya misuli, yale ya Kimarekani yenye injini kubwa. Camaro, Mustang, yote ya kabla ya mwaka 1973, injini zinazotikisa meno kwenye fizi. Jambo la ajabu: kila yalipofika mbele yangu, mngurumo ulikatika. Naona moshi, naona lami inatetemeka, sisikii kitu. Yakishalipita pengo, mngurumo unarudi. Masikio haya. Nitamwomba mke wangu Marvelle aniwekee matone.

Baridi pia. Nilifunga koti mpaka kidevuni huku mama wa kushoto akijipepea kwa kitabu cha ratiba.

Ijumaa, 21 Julai

Nimezikagua picha wakati wa kifungua kinywa. Nyingi hazina maana. Moja ni kali sana: kundi zima likishuka kilima, ukungu chini, jua nyuma. Nikayahesabu magari ili niandike maelezo sahihi. Ishirini na matatu.

Yaliyokuwa mazoezini ni ishirini na mawili. Nikahesabu tena kwa ncha ya kisu cha siagi. Ishirini na matatu. La mwisho ni jeusi, lina boneti ndefu, namba 58 ubavuni. Kwenye kitabu cha ratiba hakuna namba 58. Marvelle akaitazama picha, akasema gari halina kivuli. Nikamwambia asiniharibie kifungua kinywa.

Maana yake ni nini? Maana yake nina gari ambalo Norbert hana.

Nikaenda kwenye hema la usajili kuuliza mwenye gari ni nani. Karani akaitazama picha, akailaza kifudifudi mezani, akaweka kikombe juu yake. Akasema namba 58 haitolewi hapa. Nikauliza kwa nini. Akasema anakwenda kula. Ilikuwa saa tatu asubuhi.

Nilipogeuka, Norbert alikuwa nyuma yangu. Alikuwa ameona. Rangi ilimpotea usoni. "Hilo umelipigia wapi?" akauliza, na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane hakuniita mzee.

Nikamwambia: karibu na vyoo.

Amesimama karibu na vyoo kuanzia saa nne mpaka saa kumi na moja jioni. Juani. Na lenzi yake. Nimepita pale mara tatu nikila mahindi yenye siagi. Sikumbuki siku nzuri kama hii tangu nioe.

Picha za mchana zimeongeza raha. Gari jeusi limo tena, na sasa halipo mwisho, ni la tatu. Pia halifuati njia ya wenzake. Wenzake wote wamegeuza magurudumu kufuata kona. Lenyewe magurudumu yake yameelekea uzio. Yaani upande wangu.

Dereva anajua kupiga pozi.

Jumamosi, 22 Julai

Manyunyu. Nimefika pengoni saa mbili. Nyasi nilizozilaza kwa kiti siku mbili zilikuwa zimesimama wima, kama sijawahi kukaa. Nikazilaza tena.

Arlys Tveit akashuka kutoka kibanda chake. Ndiye mshika bendera wa Kona ya Saba, bibi wa miaka themanini na kitu. Hajawahi kuzungumza na mtazamaji yeyote, yeye na bendera zake tu. Akasimama mahali nyasi ndefu zinapoanzia. Hakuingia.

Akasema, "Bwana Stucky, ondoka hapo."

Nikamwambia tiketi yangu inaniruhusu kukaa popote upande huu wa uzio. Akasema hazungumzii tiketi. Akaniuliza kama nimeliona gari. Nikamwonyesha picha, kwa majivuno kidogo, nakiri. Akalitazama muda mrefu, manyunyu yakidondoka kutoka kwenye kofia yake.

Akanieleza bila kupandisha sauti. Mwaka 1971 kulikuwa na ukungu kama wa Alhamisi. Gari namba 58 lilishuka kilima kwa kasi kupita kiasi, likaacha njia, likapasua uzio mahali nilipokaa. Palikuwa na mtu amesimama na kamera. Dereva, Duane Kolstad, hakuumia hata kidole. Hakuendesha tena. Lakini kila mwaka alikuja, akasimama mahali hapa tangu asubuhi mpaka jioni, na kila aliyetaka kukaa alimfukuza. Wengine kwa maneno, wengine kwa kuwasukuma. Watu wakazoea kupaacha. Duane alifariki miaka sita iliyopita.

"Na bado anafukuza," akasema. "Halimtafuti mtu, hilo gari. Linamwondoa."

Nikamuuliza yule mwenye kamera alikuwa nani.

"Mume wangu."

Nilijua panahitajika neno la heshima. Nililitafuta kwa dhati. Lililotoka ni swali: alikuwa anatumia lenzi gani?

Arlys alinitazama jinsi mtu anavyotazama doa kwenye kitambaa cha meza. Akarudi kibandani.

Sikulipuuza jambo hili. Nimelifikiria kwa haki. Kama bibi anasema kweli, basi nina picha ya gari la marehemu, na jalada ni langu. Kama anasema uongo, basi kuna mtu amemtuma, na namjua ni daktari wa meno.

Picha ya leo: gari jeusi peke yake, linajaza nusu ya fremu. Ndani yupo mtu, na ameinua kiganja nyuma ya kioo. Marvelle anasema hiyo ni ishara ya kumwambia mtu atoke. Mimi naona ananipungia.

Jumapili, 23 Julai

Siku ya mashindano yenyewe.

Ukungu ulirudi. Waliahirisha kuanza mara mbili. Saa tano na robo magari yakaachiwa, na saa hiyo hiyo Norbert akatokea. Alikuwa ameungua pua kwa jua la vyooni na ameshajua nilimdanganya. Akaingia pengoni bila kuomba, akasimama na kamera shingoni nusu mita kutoka kwenye kiti changu.

Nikamwambia hapa pana mwenyewe. Akasema mwenyewe nani, mimi? Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Verlin, mtu mzima kabisa unanisimamisha chooni siku nzima, halafu unajiita mwenyewe." Nikamwambia miaka tisa inatosha kwa mtu mmoja. Akasema picha zangu zote zimepinda. Nikamwambia meno aliyoniwekea mwaka 2009 nayo yamepinda. Hayo hayakuwa maneno ya haki. Meno ni mazuri.

Hapo mngurumo ukakatika.

Nilimwona Norbert akigusa sikio lake. Basi si masikio yangu. Mvuke ulikuwa ukimtoka mdomoni kana kwamba ni Januari. Magari yalishuka kilima bila sauti, moja baada ya jingine, na nikaweka jicho kwenye kamera.

Lilikuwa la kwanza. Jeusi, taa zote zimewaka. Halikukata kona. Lilinyooka. Niliona boneti ikikua, kisha kioo, kisha mtu, mzee mwenye kofia ya zamani ya ngozi, na kiganja chake kimebandikwa kwenye kioo, na mdomo wake ukisema neno moja tena na tena. Sikulisikia. Ila mdomo ni mdomo, na neno lilikuwa fupi.

Ningependa kuandika kwamba nilibonyeza kitufe. Miguu yangu ilikuwa imeshaamua. Niligeuka, nikakimbia, na aliyekuwa njiani ni Norbert. Nikambeba kifuani kama kabati. Tukaanguka wote wawili nje ya nyasi ndefu, juu ya kapu la chakula la yule mama.

Ndipo sauti ikarudi, yote kwa mkupuo. Gari la kijani namba 17, gari halisi, lenye dereva halisi aliye hai, lilikuwa limepoteza gurudumu la mbele kilimani. Gurudumu liliruka uzio, likatua pengoni. Kiti changu kimekuwa bapa kama chapati. Kamera ya Norbert ilikuwa shingoni kwake, imepona. Yangu ilikuwa imeachwa kwenye nyasi. Haina umbo tena.

Gurudumu likayumba, likalala. Nyasi zikainuka kulizunguka, taratibu.

Watu wakapiga makofi. Walidhani nimemwokoa Norbert. Norbert mwenyewe alidhani hivyo. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, na machozi yakamtiririka juu ya ile pua iliyoungua. Sikumsahihisha.

Arlys alikuwa amesimama kibandani na bendera ya njano. Alikuwa anatazama pengo, si sisi. Kisha akainama kidogo, kama mtu anayemshukuru jirani ng'ambo ya barabara.

Jumanne, 25 Julai

Matokeo yametoka. Norbert ameshinda tena. Kamera yake ilijipiga yenyewe tulipokuwa tunaanguka: uso wangu, karibu sana, mdomo wazi, macho yametoka, na nyuma ya bega langu ukungu mtupu. Majaji wamesema hawajawahi kuona hofu ya kweli namna hiyo. Nitakuwa kwenye jalada mwaka mzima, na jina chini ni lake. Langu wamelipatia safari hii.

Ameleta pai ya cheri na kamera yake ya akiba, mpya kabisa. Amesema yeye Kona ya Saba hatarudi kamwe, na ananisihi mimi pia nisirudi. Marvelle naye ameniomba. Arlys amepiga simu, jambo ambalo hajamfanyia mtu, akasema maneno manne: "Mara moja inatosha, bwana."

Nimewaahidi wote watatu.

Lakini nimeyapitia makosa yangu kwa utulivu, na naona kosa ni moja tu. Nilikimbia. Nafasi ilikuwa nzuri, mwanga mzuri, gari lilijaza fremu. Miguu ndiyo iliyoniangusha. Mwezi wa Septemba kuna mashindano mengine pale pale. Na sasa Norbert hatakuwepo.

Kwa hiyo leo nimetoa garini mkanda wa kufungia mizigo. Saa nne asubuhi nikajifunga kwenye nguzo ya baraza, kiunoni na mapajani, kamera mkononi, kuona kama mtu anaweza kupiga picha akiwa hivyo. Anaweza. Shida ni kwamba kifungo kiliishia nyuma ya nguzo, sikifikii. Nilikaa nikimsubiri Marvelle arudi kutoka sokoni.

Baada ya dakika ishirini hivi ndege wakanyamaza. Kisha mashine ya jirani ya kukata nyasi, ambayo nilikuwa naiona ikitembea, ikakosa sauti. Mikono ikaanza kuniuma kwa baridi. Maua ya Marvelle kando ya barabara yakalala yote upande mmoja, moja baada ya jingine, kuelekea kwangu, na changarawe ya njia ya kuingilia ikaanza kusagika polepole chini ya kitu ambacho sikukiona. Nilivuta mkanda kwa nguvu zangu zote. Nilivuta mpaka nguzo ikalia.

Marvelle alinikuta hivyo. Ilibidi aukate kwa mkasi wa jikoni. Kisha akakusanya vipande vya mkanda, akavitupa kwenye pipa la taka.

Nimeandika matokeo ya jaribio: mkanda ni imara kabisa. Sikusogea hata inchi moja. Kesho nanunua mwingine.