Vitumbua vya Bi Mwanawema na Pato la Nchi

Jumatatu, 7 Septemba 1959

Leo Wawi yetu ya Pemba imepata mgeni, na mgeni kanipata mie. Bwana Marhoun, kijana wa serikali kutoka Unguja, amekuja kupima pato la nchi: yaani kila kinachozalishwa na watu mwaka mzima, na thamani yake. Alitaka mwenyeji wa kumtembeza. Nikamwambia kila mkarafuu wa hapa naujua kwa jina, na mmoja niliwahi kuupanda hata nikawaona watu wa Tanga wanakula chakula cha mchana. Wali kwa papa. Akanichukua!

Tukapita kibarazani kwa Bi Mwanawema, mjane wa vitumbua. Mkoba wa bwana niliubeba mimi, ili nionekane. Mmanga, yule mwenye baiskeli, alikuwapo, anakula kitumbua cha nne. Ale tu. Kabla mavuno hayajaisha, Mwanawema atakuwa mke wangu.

Jumanne, 8 Septemba

Nilitaka Wawi ionekane tajiri. Jamvi langu la karafuu Bwana Marhoun akalikuta asubuhi kwangu, adhuhuri kwa dada yangu Bimkubwa, alasiri kwa jirani yangu Nyange. Mara ya tatu akasema: mjomba, kiraka hiki chekundu cha jamvi nishakizoea, na kitu kimoja huhesabiwa mara moja. Nikamjibu Pemba viraka vyote ni vyekundu.

Kisha nikakaa kuzitazama karafuu zinavyogeuka rangi juani. Harufu yake hunilevya. Nikajiona ndani ya motokaa, Mwanawema pembeni, njia yote ya Chake Chake imetandikwa majamvi.

Jumatano, 9 Septemba

Balaa! Vitumbua anavyouza Mwanawema vimo katika pato la nchi. Anavyomkaangia mama yake havimo, kwa kuwa haviuzwi. Nikauliza, kwa mfano tu, je, akiolewa akamkaangia mumewe? Bwana Marhoun akasema navyo havimo. Kitumbua ni kile kile, tumbo linashiba vile vile, lakini hesabu inapungua.

Chai ikanipalia. Kumbe nikimwoa, nchi inashuka! Nimejilaza mchana kutwa. Nikaiona Pemba inazama taratibu, inalainika kingo, kama kitumbua ndani ya chai. Watu wa kisiwa jirani cha Makoongwe wamesimama ufukweni kwao, wananinyooshea vidole.

Alhamisi, 10 Septemba

Dawa nimeipata! Nitamwoa, lakini kila asubuhi aniuzie, nami ninunue kama mteja. Mapenzi yapo, pato lipo. Nikamwomba Bimkubwa apeleke posa kwa maneno hayo hayo. Akanitazama kama aliyeona pweza kavaa kofia. Akasema, kaka, mwanamke haposwi kwa hesabu za serikali, mwambie unamtaka, basi. Maskini, hajui uchumi.

Nikaenda mwenyewe. Nikaeleza kwa ufasaha mpaka mafuta yakaungua. Mwanawema kasikiliza, kijiko mkononi. Kisha akasema: "Yakhe, kumbe ukinioa nchi itapata hasara? Basi mie naipenda nchi yangu. Lipa viwili ulivyokula, upite."

Nyange, aliyekuwa kibarazani akingoja vyake, alicheka mpaka kofia ikamdondokea kwenye unga.

Jumamosi, 12 Septemba

Mmanga kapeleka posa jana, baada ya sala ya Ijumaa. Kakubaliwa! Bimkubwa anasema maneno yake yalikuwa machache: vitumbua akipenda akaange, akipenda aache, yeye anamtaka mwenyewe. Na nchi je? Hakuuliza hata kidogo!

Kibaraza leo kitupu. Nikakaa pale hata hivyo, nikinusa iliki isiyokuwapo. Mawingu yalipita juu ya mikarafuu, meupe, ya mviringo. Nikayahesabu, kisha nikaacha. Hayauzwi.

Jumapili, 13 Septemba

Nimefikiri sana. Kosa halikuwa langu, lilikuwa la vitumbua. Chake Chake yupo Bi Thuraiya, mjane, mzuri kama mwezi. Hapiki, hashoni, hafugi hata kuku. Kazi zote hufanyiwa na watu wa kaka yake. Nikimwoa, nchi haipungukiwi na senti!

Kesho naenda. Mmanga kakubali kuniazima baiskeli, tena kwa furaha. Na maneno ya posa safari hii simpi Bimkubwa ayaharibu, nimeshayapanga mwenyewe: Bibi, nimeuliza kwa mtaalamu wa serikali, na wewe huzalishi kitu chochote.

Mwanamke gani atakataa?